Pigo Lililokosekana

Shimba Hills,
21 Februari 1999

Mwanangu Nthambi,

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na mitano, na sasa limenifikia kwenye mashine ya kusaga, likipigwa kwa redio kaseti. Kanda uliyoichukua katika sanduku langu wakati wa Krismasi, ile niliyoiandika "Nyimbo za Shule, Muhula wa Tatu 1973", haina hata wimbo mmoja wa shule. Ni ngoma ya kilumi. Niliirekodi mwenyewe, kwa mashine ya shule, nikiwa nimesimama kando ya ghala la mahindi katika boma la watu.

Wewe umelelewa katika nyumba ya mzee wa kanisa, kwa hiyo kilumi umekijua kwa kukatazwa tu. Ni ngoma ya akina mama wa Kikamba ya kuombea mvua na kuombea wagonjwa. Tulipohamia huku pwani kupewa mashamba tulikuja nayo, na kanisa letu likatuambia tuiache. Wengi wetu tuliiacha, au tulisema tumeiacha.

Jumanne nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikingoja unga wangu. Tembo, mwenye mashine, akafungulia kaseti. Vijana wawili walikuwa wakisema kwa kasi nisiyoweza kuifuata, na chini ya maneno yao ilikuwapo ngoma ile. Umeipunguza mwendo ikawa nzito, na sauti ya mwanamke imekuwa kama ya mwanamume, lakini niliitambua papo hapo. Tembo akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya binti yako wa Ukunda. Kumbe mna mambo na mmenyamaza!" Nilicheka naye. Unga niliusahau palepale.

Niliirekodi kama mwalimu, kwa kuhifadhi mila. Hilo ndilo lote. Lakini si yangu kuitoa hadharani, wala si yako. Nakuomba uiondoe katika muziki wako. Daktari amesema moyo wangu umechoka, na nisingependa kuulizwa habari za ngoma hii katika siku zilizobaki.

Babako,
Mutinda


Ukunda,
27 Februari 1999

Baba, shikamoo.

Nimepokea barua yako nikaisoma nimesimama. Kwanza, pole kwa moyo. Pili, nisamehe kwa kuichukua kanda bila ruhusa. Nilitaka nyimbo za shule kweli. Nilidhani nitapata watoto wakiimba niwaweke kwenye kiitikio.

Nikueleze ninachofanya, maana najua wazee wenzako wanasema nacheza na kompyuta ya watu. Mwenye ofisi ya safari ninakopiga chapa ananiruhusu kuitumia saa ya chakula, na Jumapili baada ya ibada. Mimi sipigi ala yoyote, baba. Nachomeka waya kutoka redio kaseti hadi nyuma ya kompyuta, sauti inaingia na kuonekana kwenye kioo kama safu ya vilima. Nakata kipande cha sekunde nne au tano, kwa sababu kompyuta yenyewe haibebi zaidi, kisha naiamuru ikirudishe mwanzo kila kinapofika mwisho. Ukikata vibaya, kila kinaporudi unasikia kishindo kama mlango wenye bawaba mbovu. Ukikata vizuri, hakuna anayejua kilianzia wapi. Juu yake naongeza besi, naongeza makofi, halafu vijana wanakuja na mashairi yao. Programu nilipewa na Suleiman, anayepiga muziki katika disko ya hoteli moja hapa Diani, kwa disketi tatu, na moja ilikuwa mbovu.

Kipande nilichokata ni cha mwanzo kabisa wa kanda. Inasikika "tak" ndogo, ngoma inapiga mara tatu, inakosa pigo la nne, halafu linakuja jingine zito kama mtu anayetua gunia. Juu yake nimebandika sauti ya mama anayeimba, niliyoikata mbele zaidi. Suleiman aliniambia nilisahihishe, ninakili pigo kutoka kwingine nilibandike kwenye pengo. Nilijaribu. Ikawa ngoma kama ngoma zote. Nikalirudisha pengo, na vijana wakaruka: "Sista, hiyo biti ina kigugumizi, ni noma!" Hivi sasa vibanda vyote vya barabarani vinaipiga, na studio moja ya Mombasa inataka kuitoa kwenye kaseti mwisho wa Aprili.

Kwa hiyo, baba, usiniambie niiondoe. Niambie mpigaji ni nani. Wenzangu wanachukua vipande vya Wamarekani na hawamuulizi mtu. Huyu ni mama wa kwetu. Nataka jina lake liwe kwenye kasha, na kama yu hai nimwombe ruhusa mwenyewe. Na lile pengo ni nini? Ni mtindo, au alikosea?

Sijatulia tangu barua yako ifike. Nijibu upesi.

Nthambi


Shimba Hills,
8 Machi 1999

Nthambi,

Umenieleza kazi yako vizuri. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote.

Pengo uliloulizia si kosa. Ni mtindo wa Kitui. Mpigaji huacha pigo moja makusudi ili wachezaji wabadilishe mguu. Hiyo "tak" ni uchakavu wa kanda. Jina la mpigaji limenitoka, na nadhani alikwisha kufariki zamani. Ukishindwa kabisa kuiondoa, andika "ngoma ya asili" na usiandike jina la mtu wala la mahali.

Miguu imevimba, siwezi tena kufika kanisani. Jumapili wazee wenzangu waliniletea meza ya Bwana hapa nyumbani. Niliupokea mkate nikiwa nimeketi kitandani, na mchungaji akaniita nguzo ya kanisa mbele ya majirani.

Usiwasumbue watu kwa maswali.

Babako,
Mutinda


Ukunda,
20 Machi 1999

Baba, shikamoo.

Nimewasumbua watu kwa maswali.

Niliibeba redio kaseti hadi sokoni kwa Mama Jemima, yule anayeuza maharagwe, ambaye alikaa huko kwetu kabla ya kuja Ukunda. Alikuwa na akina mama wenzake watatu, Wakamba wote. Niliwapigia kanda yenyewe, si biti. Nikawaeleza, kama msomi, kwamba pale pengo lilipo ni mtindo wa Kitui wa kubadilisha mguu.

Baba, walinicheka hadi wateja wakasimama kutazama.

"Mwiitu, binti wewe, nani amekudanganya?" Mama Jemima akaniuliza. "Mimi nimezaliwa Kitui. Mguu unabadilishwa kwa pigo, haubadilishwi kwa kimya. Huyo ameshtuka."

"Ameona nyoka," mmoja akasema.

"Ameona mume wake!"

"Ingekuwa mume angekimbia na ngoma."

Wakacheka tena, nami nikacheka, na aibu ilikuwa yangu. Kisha sauti ya kuimba ikaanza, Mama Jemima akaweka kopo lake la kupimia chini. Akasema, "Nyamazeni. Huyo ni Mukonyo. Nani mwingine anavuta pumzi katikati ya neno?" Wenzake wakakubali mmoja mmoja. Sikumbuki kulisikia jina hilo nyumbani kwetu hata siku moja.

Waliniambia Mukonyo yu hai, ana mbuzi zake huko Mwereni, upande wa kukavu. Alihama baada ya mambo ya kanisa. Nilipouliza mambo gani, Mama Jemima aliinua kopo akaanza kupima maharagwe ambayo hakuna aliyeyataka. "Muulize babako. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa wazee."

Sasa nakuuliza, kwa adabu yote. Jina lilikutoka kweli? Na kifo chake ulikitoa wapi?

Nimeomba likizo ya Ijumaa Kuu. Nitakwenda Mwereni.

Nthambi


Hospitali, Msambweni,
29 Machi 1999

Nthambi,

Nzioka, binamu yako, alinileta hapa Alhamisi. Naandika nimelala. Usiende Mwereni.

Ni kweli ni Mukonyo, na nilijua yu hai. Kanda ile niliiweka mezani mbele ya wazee wa kanisa, Novemba 1973, ikawa ushahidi kwamba anapiga kilumi. Akatengwa. Mumewe alikuwa shemasi. Akamwambia achague kati ya nyumba na ngoma. Mukonyo hakumjibu, alifunga mzigo wake akaondoka. Nami nilikuwa mwandishi, nilitimiza kazi niliyopewa. Hilo ndilo lote.

Yule mama amekwisha kuzoea maisha yake. Ukimpelekea kanda utamtonesha. Ngoja nife kwanza, ndipo ufanye upendavyo.

Babako


Ukunda,
5 Aprili 1999

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeikuta mezani niliporudi. Nilikuwa nimeshakwenda.

Mama Mukonyo anakaa nyuma ya duka la mtu anayeitwa Chirau. Ni mrefu, amenyooka, meno yote anayo. Nilimwambia jina langu na lako. Akaniambia, "Simama. Tembea mpaka kwenye mlango wa duka, urudi." Nilidhani ananitania, nikaenda nikarudi. "Tena, kwa haraka." Nikaenda tena. Alikuwa akiyatazama magoti yangu kama mtu anayenunua mbuzi. Chirau akasema, "Mama, umuulize na umri wa meno!" Yeye hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akaniambia niketi.

Nikampigia biti. Vijana walipoanza akauliza, "Hawa wanagombana na nani?" Halafu akajisikia mwenyewe. "Aa! Sauti yangu umeipeleka wapi? Nimekuwa dume!" Tukacheka wote watatu. Lakini kipande kilivyoendelea kurudi, na kurudi, uso wake ulibadilika. Akainua mkono nizime.

"Mbona wanirudisha palepale?" akaniuliza. "Mimi niliendelea. Nilipiga siku ile mpaka mwisho, mpaka mikono ikavimba. Wewe umenifunga mahali pale nilipokosea, nakosea kila mara, sipiti."

Baba, nimekaa na kipande kile miezi mitatu, nakijua kwa macho na kwa masikio, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna mtu.

Nikampigia kanda yote, bila kukata. Aliisikiliza hadi mwisho, vidole vikienda juu ya goti. Nikamuuliza aliona nini. "Niliona mtu akibonyeza mashine." Nikamuuliza ngoma ilikuwa ya mgonjwa gani. "Mgonjwa alipona. Hayo mengine ni ya babako."

Hataki chochote kutoka kwangu. Muziki uendelee au usiendelee, amesema hilo ni shauri langu. Lakini jina lake halitawekwa kwenye kasha kabla ya kusafishwa katika kanisa lilikochafuliwa, mbele ya watu, na wewe ukiwa hai. Ukifa, amesema, watu watasema yeye anamsingizia marehemu. Nami nimeiambia studio kwamba bila jina lake kaseti haitoki. Suleiman ananiita mwendawazimu.

Umeniandikia mara mbili, "Hilo ndilo lote." Mara ya kwanza halikuwa lote. Mara ya pili siamini tena. Nakuja kukuona Jumapili ijayo. Barua ya Mama Mukonyo iko ndani ya hii, imegundishwa, sijaifungua.

Mwanao,
Nthambi


Mwereni,
3 Aprili 1999

Kwa Mwalimu Mutinda,

Mkono ni wa Chirau mwenye duka, maneno ni ya Mama Mukonyo. Amenikataza kuongeza adabu.

Mwalimu, nasikia unaumwa. Pole.

Ulipobonyeza ile mashine nilikuona. Nilikosa pigo moja. Moja tu. Nikaendelea, kwa sababu mgonjwa hakuwa na kosa.

Wazee waliniuliza mara tatu, nani aliyekuita upige? Ulikuwa umekaa mwisho wa meza na kalamu yako. Nilinyamaza. Ningesema, ungefukuzwa shule, na nyumba yako ilikuwa na midomo ya kulisha. Mimi niliwaza hivyo. Nilidhani na wewe utawaza kitu. Nilingoja wiki, nikangoja mwaka, halafu nikanunua mbuzi.

Sikulaani. Nimemwona binti yako akitembea na nimefurahi. Lakini nimeitwa mchawi katika vijiji vitatu, na mama yangu alizikwa nisiruhusiwe kuimba pamoja na wenzangu. Hilo nalo uliandike mahali.

Umeandika katika daftari la kanisa kwamba Mukonyo hakujibu. Ni kweli. Sasa nijibie wewe. Una elimu, utapata maneno.

Mukonyo (kidole gumba)

Nyongeza: Mwalimu, mimi Chirau nilitaka kumalizia kwa "Wako mwaminifu". Amekataa.


Hospitali, Msambweni,
10 Aprili 1999

Nthambi,

Utakapofika kesho huenda nisiwe na pumzi ya kusema, ndiyo maana naandika. Imenichukua siku tatu. Chukua karatasi hizi umpelekee mchungaji, azisome zote katika ibada ya Jumapili inayofuata, yanayomhusu Mukonyo na yanayokuhusu wewe. Asiruke neno. Nzioka atakwenda kumleta Mukonyo kwa gari, kama atakubali kuja.

Oktoba 1973 palikuwa na mtoto wa miaka mitatu katika kijiji chetu, aliyelegea miguu baada ya homa. Alipelekwa kila penye dawa. Wachungaji walimwombea, wakaja tena wakamwombea. Mwezi wa pili wa ugonjwa, mzazi wake mmoja alikwenda kwa Mukonyo, akapitia mlango wa nyuma, akamsihi apige kilumi kwa ajili ya mtoto. Mukonyo alikuwa mke wa shemasi, na ngoma alikuwa ameiacha kwa miaka minne. Alikataa. Mzazi yule akapiga magoti. Akakubali, kwa sharti kwamba iwe mchana, kwa sababu hakuwa mwizi.

Mzazi yule alikuwa mwoga. Njiani alichukua mashine ya kurekodi ya shule, ile tuliyopewa kwa masomo ya redio. Alijiambia kwamba akikutwa huko atasema amekwenda kukusanya ushahidi. Ngoma ilipoanza akaibonyeza, ili uongo wake uwe na kanda ndani yake. Mukonyo akageuza kichwa. Hilo ndilo pengo ambalo vijana wako wanalipenda.

Naona nimeandika "mzazi yule", "alichukua", "akaibonyeza". Ndivyo nilivyozoea kuandika kumbukumbu za mikutano, mtu asionekane. Kalamu imeshika njia yake ya zamani. Niirudishe.

Wiki tatu baadaye habari za ngoma zilifika kanisani, na wakasema mwalimu mkuu alionekana kwenye boma lile. Nilikuwa na shule, nilikuwa na cheo, nilikuwa na nyumba ya mwalimu yenye bati. Sikungoja kuulizwa. Niliweka kanda mezani nikasema, "Nilikwenda kupeleleza." Wakanisifu. Wakanipa mkono mmoja mmoja. Kisha wakamwita Mukonyo, wakamuuliza nani aliyemwita, mara tatu, na kila mara alinitazama mimi, si kwa kunitisha bali kwa kungoja. Wino ulikuwa kwenye kalamu yangu. Nikaandika, "Hakujibu."

Mamako Kaindi alijua. Alinisihi, akachoka, akafa. Nami nikaendelea kupokea mkate na kuitwa nguzo.

Sijui kama ni ngoma iliyomponya mtoto au ni homa iliyomaliza siku zake. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na hilo sijui. Ninachojua ni kwamba alasiri ile, ngoma ilipokwisha, mtoto alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaja kwangu kwa hatua sita. Nilizihesabu. Mukonyo alizihesabu kwa sauti, akicheka, mikono yake imevimba. Mashine ilikuwa bado inazunguka, nikaizima nikiwa nimechelewa, na nyumbani nikakaa nikafuta dakika zile za mwisho, kwa sababu mtu angeweza kusikia mtoto ananiita baba.

Aliyemwita Mukonyo ni mimi, na mtoto ni wewe.

Mutinda